Shati la Mkaguzi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, tena upesi, kabla bibi yangu hajafika kwenye vifungo, maana akishashona vifungo shati limekwisha na mimi nimekwisha nalo.

Bibi ni fundi cherehani, na mimi ni mtu wa aibu, hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua naangalia dawati, lakini kwa kuwa shuleni tunasoma kwa lugha mbili, baba akasema nimsindikize bibi kwenda ng'ambo kumwona shangazi aliyejifungua, niwe mdomo wake. Tulibadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa, ikabidi tukaguliwe upya, viatu vua, mkanda vua, kila kitu kwenye trei, na bibi alipopita kwenye ule mlango wao ukalia, akarudishwa, ukalia tena, kumbe ana pini kwenye kola, nyingine kwenye pindo la gauni, nyingine kwenye kilemba, kwa sababu bibi akiwa na mawazo huchomeka pini popote bila kujijua, na kila akitoa moja anasema, "Hiyo ndiyo ya mwisho, baba," na mlango unalia, na watu nyuma yetu wanaguna. Mkaguzi mmoja akapandisha sauti kwa lugha yao: "Huyu mzee ana akili timamu kweli? Mwambie anatuchelewesha!" Bibi akanigeukia, "Anasemaje?" Mshauri, nikajikuta nasema, "Anasema pole na safari, bibi, usiwe na haraka."

Bibi akatabasamu. "Mwambie mama yake alimlea vyema." Nikamwambia mkaguzi kwamba bibi anaomba radhi.

Kisha wakautoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ambao kule tulikoanzia safari waliutazama wakamrudishia, na nilipojikaza kusema kwamba wenzao wameuruhusu, yule mkaguzi akasema hapa si kule, akautupa kwenye pipa. Ule mkasi bibi aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, umenolewa mpaka umekonda, hata mimi mjukuu kipenzi siruhusiwi kuukatia karatasi. Nikamwambia wanatutunzia, tutauchukua tukirudi.

Sasa tuko kwa shangazi, Jumamosi tunarudi kwa njia ileile, na bibi ameazima cherehani ya jirani, anamshonea yule mkaguzi shati la kumshukuru! Vipimo? "Nilimpima kwa macho alipokuwa ananipitishia mwilini kile kijiti chao cha kutafutia pini," anasema. "Shingo nimemwachia pana. Ile kola yake inamkaba, maskini, ndiyo maana sauti yake inatoka kama ugomvi." Shangazi anacheka, hajui lolote. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nisiposema atasimama mbele ya watu na shati mkononi, adhalilike. Nifanye nini?

Mkalimani Mwoga

JIBU

Pole, mwanangu. Kazi uliyobebeshwa pale haikuwa ya umri wako. Mkasi unaweza kukataliwa, sheria zao ndizo hizo na kila uwanja una zake, lakini hakuna sheria inayomtaka mtu amtukane mzee aliyesimama bila viatu. Hapo niko upande wako.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimfichia bibi tusi, sawa, ulimfanyia heshima. Lakini mkasi ni wake, na kufiwa na mkasi ni kwake pia. Umemnyima hata nafasi ya kuulilia. Halafu unamwona kama yai! Soma tena barua yako. Nani amekwambia bibi hakusikia ugomvi? Mtu aliyeiona kola ikikaba, uso uliokuwa juu ya hiyo kola hakuuona? Amewapima wateja wenye hasira tangu baba yako hajazaliwa. Nadhani anajua zaidi ya unavyodhani, isipokuwa habari ya pipa.

Basi mwambie leo. Usimwite sebuleni kama hakimu, kaa pembeni ya cherehani, umshikie kitambaa, mikono yenu iwe na kazi. Anza na mkasi, malizia na yale maneno ya mkaguzi uliyomficha. Akilia, kaa hapohapo. Akikufokea, vumilia, ni haki yake. Kisha muulize shangazi duka la vifaa vya ushonaji, mkachague mkasi mwingine pamoja. Hautakuwa ule, usimdanganye kwamba ni sawa. Uingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na kabla ya kutoka nyumbani mkague bibi pini mwenyewe, kuanzia kilemba.

Na Jumamosi tafsiri kila neno, lake na lao. Sauti yako iwe ya adabu, maneno yawe yao.

Kuhusu shati, muulize mwenyewe. Akikataa kumpa, baba yako apate shati. Akisema bado apewe, mpelekeni, na yule bwana akiuliza limetoka kwa nani, usiangalie sakafu. Mwambie, "Kwa mwenye mkasi."