Sindano ndani ya kiazi

Butembo, siku ya ine

Donc mashini haikukuwa inadanganya. Sisi njo tuliipatia centre mubaya, ile nukta ya katikati yenye inazungukia.

Juma nzima scanner, ile mashini ya kupiga picha ya ndani ya mwili, ilikuwa inaonyesha kila mufupa mara mbili. Leo nilichoma sindano ndani ya kiazi ya kutoka Luofu, nikaiweka pa nafasi ya mugonjwa. Kwa picha, sindano ikatokea kama nusu ya mwezi.

Papa Kambale, mukubwa wangu wa kazi, akasema: «Centre iko pembeni. Sogeza kidogo.»

Nilisogeza centre nusu milimetre tu kwa ordinateur, ile kompyuta ya scanner. Mwezi ikajikusanya, ikakuwa nukta moja.

Kisha, na ile centre mupya, nikatengeneza upya picha ya Mama Masika, mwenye daktari alipanga kupasua kichwa kesho juu ya ufa yenye picha ya kwanza ilionyesha. Ufa hakuna. Mufupa ni muzima.

Nusu milimetre, Mungu wangu. Na ile picha ya ufa, ni mimi niliisaini.