Mama Barafu, Karatasi Tumeiona

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu buti zako za mpira zilipoacha kusikika kwenye korido ya wodi ya wazazi. Hatukuja kukupamba.

Miaka kumi na tisa ulibeba kondo la nyuma na utando wa mifuko ya maji wanamokaa watoto tumboni, ndani ya ndoo ya barafu, kutoka chumba cha kujifungulia hadi maabara. Ulikimbia ili barafu isiyeyuke, ukimfokea kila aliyekuziba njia, madaktari wakiwemo. Walikuita Mama Barafu, nawe ukalipenda jina. Akina mama waliokuja mikono mitupu, ulivivika vichanga vyao masweta uliyofuma mwenyewe. Hilo hatukunyimi.

Jioni ulitusimulia uliyoyasikia maabara. Utando wa mfuko ukichakaa, ulisema, hutoa kemikali, na hizo ndizo zinazouambia mji wa mimba uanze kubana. Wadudu wa maradhi wakiingia humo, utando huudhika na kutuma ujumbe kabla ya wakati. Ulijua, Mama. Nyumba nzima ilijua kwa sababu yako.

Ndipo mke wa mwanao akashikwa na uchungu, mimba ikiwa ya miezi saba. Yeye si msemaji. Hata chumvi huiomba kwa macho. Ulisimama mlangoni mwa wodi, majirani wakisikia, ukasema, "Kanywa dawa huyu. Hakumtaka mjukuu wangu."

Mtoto alipona. Mama yake hakupona na neno hilo. Majirani waliacha kumpa watoto wao awapakate. Mwanao akahamia sebuleni. Binti yako akawa anamsalimu, "Wifi, leo umechemsha nini?" Naye alifua, akapika, akakukanda miguu. Chai yake uliinywa, ila kwanza ulimwonjesha mwenyewe.

Siku tuliyokuzika, mtaalamu wa maabara alikuja kutoa pole. Akamuuliza mkweo kama dawa za kutibu wale wadudu wa maradhi alizimaliza. Mkweo akamuuliza kwa macho: dawa zipi?

"Si Mama aliuleta mwenyewe mfuko wa mjukuu wake?" akasema yule mtaalamu. "Ulikuwa na wadudu. Majibu nilimpa mkononi."

Majibu hayo tuliyakuta ndani ya buti lako la kushoto, chini ya soli ya ndani, yamekunjwa mara nne. Tarehe ni siku ya sita tangu mtoto azaliwe. Miezi mitano uliyakanyaga kwenda kazini na kurudi, na chai ukazidi kuionjesha.

Kwako neno likishatoka halirudi. Basi tunalirudisha sisi, walisome walewale waliolisikia: hakunywa kitu.

Wanaokukumbuka ni dada yako. Mwanao, aliyerudi chumbani akiomba radhi. Binti yako, ambaye bado hajaomba. Mjukuu wako, ambaye sasa anatembea. Na mke wa mwanao, ambaye sasa haonjeshwi chai yake kwanza; anainywa wa mwisho, ikiwa bado ya moto.

Kukusahau hatutaweza kamwe, Mama. Karatasi tumeibandika ukutani, chini ya picha yako.