Kompyuta Inayojipanga Yenyewe

Jumatatu, 4 Agosti
Imenikataa tena. Naandika paswadi, inasema hainijui. Nimeingia kwa jina la "Mgeni", kama Ijumaa. Ukishaingia hugusi kitu: picha ya hoteli inajitandaza, folda za kazi zinajipanga, printa inajiunganisha. Ukitoka, ulichoandika kimefutwa. Majina ya watalii wa Septemba nimeyachapa mara mbili.

Mpango huu aliuleta Denisi wa kompyuta nilipokaa eda. Sasa ofisi nzima ina sura moja. Anajivunia.

Sauti ya marehemu Salimu niliyoiweka humo siioni.

Jumanne, 5 Agosti
Denisi amenieleza. Mtu asipoingia miezi mitatu, mtambo unahesabu ameacha kazi. Unamtoa, na vyake vyote. Nikamwambia mume akifa, mke hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hakuwa akijua. Kwao bara hakuna. Akasema pole. "Lakini mama, si ungekuja tu uingie mara moja, halafu urudi kukaa?"

Nikarudi kwenye majina ya watalii wa Septemba.

Ni faili fupi. Mvua za vuli mwaka jana, Salimu alikuja kunichukua, nikamchelewesha. Akabonyeza pa kurekodi kwenye kompyuta yangu. "Siti, tumbo linanguruma hadi Ukunda wanasikia. Huyo bosi wako hana kwao?" Kisha anacheka na kiti kinalia. Basi. Simu yake iliingia maji, kwa hiyo sina sauti yake nyingine. Flashi haziruhusiwi ofisini. Niliiacha pale pale mbele ya macho, nikidhani ndipo salama.

Alhamisi, 7 Agosti
Wananiita Mama Mgeni. Aliyeanza ni Zuhura, ambaye sasa anakalia meza yangu ya dirishani. "Shikamoo Mama Mgeni. Chumba unataka na chai ya asubuhi, au bila?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Najichukia kwa hilo.

Denisi anasema huenda ipo nakala makao makuu, ila lazima meneja akubali. Nikaenda kwa Madam Paulina. Akauliza ni kazi gani iliyopotea. Nikasema si kazi, ni sauti ya marehemu mume wangu. Alinitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza.

Mchana ametuma ujumbe kwa wote: kompyuta za hoteli si makabati ya nyumbani. Hakutaja jina. Kila mtu alinigeukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Amekubali. Kwa kuchoka nami tu, lakini amekubali. Denisi ameshawaandikia makao makuu.

Chakula kimenishinda. Sikujua kutumaini kunachosha hivi.

Jumatatu, 11 Agosti
Haipo.

Mtambo ukimtoa mtu wenyewe, nakala yake hubaki mwaka mzima. Akifutwa kwa mkono, na nakala inakwenda. Mimi nilifutwa kwa mkono. Denisi alikuwa amesahau: aliona jina langu limekaa bila kuingia, akauliza ofisini kama nitarudi. Amenionyesha alichojibiwa. Alidhani kitanisaidia kuelewa.

"Futa tu. Harudi huyo. Wajane wakitoka ndani huolewa. Naitaka meza yake."

Zuhura.

Siku ya matanga alikaa nami mkekani. Alinishika mkono, akalia kuliko mama mkwe. Uji alininywesha yeye.

Jumanne, 12 Agosti
Nilimuuliza. Nilingoja wenzetu watoke. Sikupandisha sauti.

Hakukana. Akasema, "Da Siti, maiti hana la kukwambia. Hata alipokuwa hai tulikuwa tunakuona mchana na vile visikio vyako masikioni, unachekacheka peke yako. Sasa ungerukwa na akili. Nimekuponya."

Akaendelea kupaka mafuta mikono.

Nilikwenda kuosha vikombe. Nilitamani afiwe, na afiwe na ampendaye. Nimeliandika hilo na sitalikata.

Alhamisi, 14 Agosti
Denisi amenirudishia jina. Nimeingia. Ikaandika: Karibu, Mwanasiti. Kabla sijaweka mkoba chini kila kitu kimejipanga. Safi. Hata kivuli cha kitu changu hakuna.

Alisimama nyuma yangu akingoja nimsifu. Nikamwambia ahsante mwanangu, imependeza.

Jumapili, 17 Agosti
Nimekwenda Munje kwa shemeji Hamisi, mdogo wake Salimu. Watu husema sauti za wale ndugu zilikuwa hazitofautishiki kwa simu. Sikusema kilichonipeleka. Nikabeba sukari na majani ya chai.

Mkewe alinipa mbuzi nikune nazi. Nikakaa jikoni, ukuta ukiwa baina yetu. Shemeji alikuwa barazani akiwagombeza watoto waliopoteza ndoo ya kisimani. Nikafumba macho. Aliposema "leteni hapa", nusu ya "hapa" ilikuwa ya Salimu. Mkono ulisimama. Kisha akakohoa, akasema mengi, ikawa sauti ya Hamisi. Nyembamba kidogo. Haina haraka ya kucheka.

Nilingoja. Haikurudi.

Nikamaliza nazi. Tukala wali na kunde. Shemeji alinisindikiza hadi barabarani, akauliza kama kazi inaendelea vyema. Nikamwambia inaendelea.