Aliyelala Ndiye Aliyebeba

Tarehe 3 Machi

Kaka Gogo,

Salamu nyingi kwako, na zilizobaki mpe shemeji. Mimi roho yangu nzima, ila mwili una maneno yake, nitakueleza. Natumaini tanuri lako linawaka na mgongo wako bado unaelewana na magunia ya unga. Hapa cherehani inazunguka, wateja wananung'unika, Mungu anatulisha. Tushukuru. Ningekupigia simu, lakini unanijua, salio langu huisha kwenye salamu.

Kaka, mguu umeamka. Ule ule wa kulia, wenye kipande cha chuma nilichorudi nacho kutoka vitani. Miaka yote hii tumekaa nacho kama mpangaji mkimya. Sasa kimechachamaa. Kifundo kimevimba, kinatoa usaha, na nikikanyaga pedali ya cherehani naona nyota mchana. Daktari wa mtaani kwetu anasema kitolewe upesi, na kazi hiyo wanaiweza hospitali ya jeshi. Nikichelewa, anasema, kitakachotolewa si chuma tena, ni mguu.

Nikaenda. Dada wa mapokezi akafungua kumbukumbu zangu kwenye kompyuta, akautazama mguu, akaitazama kompyuta.

"Baba, wewe hukujeruhiwa."

"Binti yangu, na hiki ni nini?"

"Nakiona. Lakini hapa wanasema wewe ulimbeba majeruhi. Majeruhi ni mwenzako."

Nilicheka pale pale dirishani mpaka askari wa mlangoni akaja kunichungulia. Si unakumbuka? Ulinibeba mgongoni tangu asubuhi, kwenye lile korongo kavu, jua limetukalia utosini. Tulipofika kituo cha matibabu ukanitua juu ya sanduku, ukajitupa kwenye machela tupu, ukalala kama lile jina walilokupa kikosini. Mgongo wako wote damu yangu. Mimi nikabaki nimeketi sandukuni naongea, maana maumivu yangu hutokea mdomoni, ndiyo maana na mimi wakaniita Redio. Karani akapita, akaona mmoja kalala na damu, mwingine kaketi anasimulia jinsi watu walivyobebana. Akaandika alichokiona. Ndiyo nikapewa cheti cha ushujaa, nawe ukapewa kadi ya majeruhi, tukacheka miaka na miaka.

Leo haichekeshi. Ofisi ya kumbukumbu wanasema watasahihisha, mradi wewe uape mbele ya hakimu kwamba aliyejeruhiwa ni mimi. Ni kazi ya asubuhi moja tu, kaka. Nifanyie. Nakuombea kila sala.

Mdogo wako,
Redio

*

Tarehe 11 Aprili

Kaka Gogo,

Hamjambo huko? Sijui kama barua ya kwanza ilifika, au posta nao wamelala kama wewe.

Sasa nakanyaga kwa mguu wa kushoto, na mishono inakwenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Suruali ya mwalimu mkuu imetoka mfuko mmoja juu, mmoja chini. Ameivaa hivyo hivyo, Mungu ambariki, lakini naona mkono mmoja anautafutia mahali. Usaha umeongezeka. Daktari ameacha kunitania, na hilo ndilo linanitisha.

Kama nimekukosea, sema. Kama unaumwa, sema vilevile. Kimya chako kinaniachia kazi ya kukisia, na mimi nikianza kukisia huwa sifiki pazuri.

Mdogo wako,
Redio

*

Tarehe 26 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima kiasi. Barua zote mbili zimefika. Posta haikulala. Mimi ndiye silali, na unajua kwangu hilo si jambo dogo.

Maneno si kazi yangu, kwa hiyo nitasema mara moja.

Shemeji yako anaumwa moyo, tangu mwaka juzi. Hatukukwambia. Yeye alisema, "Redio akijua, kikosi kizima kimejua." Anatibiwa hospitali ya jeshi ya huku kwa ile kadi ya majeruhi, maana mwenye kadi hutibiwa yeye na mkewe. Siku niliyopewa niliitupa sandukuni, sikuitumia hata kwa kikohozi. Aliposhindwa kupanda ngazi za nyumbani kwake mwenyewe, ndipo nikaitoa. Sasa daktari wa moyo anamjua, dawa anazipata. Juzi ameingia chumba cha tanuri akakanda unga kwa mikono yake, huku akiniambia mikate yangu ingefaa kujengea choo.

Nikiapa kwamba sikujeruhiwa, kadi inarudi. Mji huu hauna daktari mwingine wa moyo, na safari ndefu hawezi kwenda na kurudi.

Sijasema siapi. Nasema kila nikishika kalamu naiweka chini. Nipe nafasi kidogo. Mguu usiukanyagie.

Kaka yako,
Gogo

*

Tarehe 4 Mei

Kaka yangu,

Poleni, poleni sana. Shemeji anafanyaje? Analala vizuri? Amtegemee Mungu, na mto mmoja auongeze chini ya kichwa. Marehemu mke wangu ulimsaidia.

Nilipomaliza kukusoma niliiweka barua juu ya cherehani, nikaenda kusali. Nilianza na mguu wangu, nikajikuta niko kwenye moyo wa shemeji, mwisho nikachanganya, nadhani nimeombea moyo wangu na mguu wake. Mwenyewe atapanga.

Sasa nisikilize. Usiape. Mguu ninao mwingine. Wewe mke huna mwingine, na mimi niliyemzika wangu najua ninachosema. Nawaandikia ofisi ya kumbukumbu kwamba nimeacha. Kusema kwamba sikujeruhiwa siwezi, huo utakuwa uongo. Lakini kunyamaza naweza. Ndiyo, mimi. Cheka tu.

Siku ile korongoni nilikumalizia masikio. Nilikusimulia shangazi yangu, mbuzi wa shangazi yangu, na kesi ya mbuzi wa shangazi yangu. Mtu mwingine angenitua kwenye kivuli cha kwanza akaenda zake. Hukunitua. Basi na mimi siwatui.

Kazi isikutie wasiwasi. Vifungo na pindo havihitaji pedali, nashona kwa mkono.

Mdogo wako,
Redio

*

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Nimekamatwa.

Barua yako niliificha ndani ya pipa la unga. Mtu aliyeoa mkandaji wa mikate akaficha kitu kwenye unga, huyo hana akili. Shemeji yako ametia mkono akatoka nayo. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi.

"Huyu anaacha mguu wake kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Nani alimwomba?"

"Hakuna."

"Basi vaa shati."

"Shati la nini?"

"La kwenda kwa hakimu. Mkate acha uungue, hautakuwa wa kwanza."

Nikamkumbusha dawa. Akaniambia, "Kila nikimeza kidonge nitakuwa namtafuna shemeji kifundo. Moyo gani utapona kwa dawa hiyo?" Nikavaa shati, tukaenda mahakamani.

Nimeapa. Hakimu aliniuliza kama nina hakika, ingawa imepita miaka yote hii. Nikamwambia, mheshimiwa, nimebeba magunia maisha yangu yote na hakuna hata moja lililonisimulia habari za shangazi yake. Niliyembeba siku ile alikuwa mtu, na alikuwa huyo. Akagonga muhuri.

Ofisi haikuifuta kesi yako. Barua yako ya kuacha waliiweka pembeni wakisubiri upande wangu. Bodi yao ya majeruhi inatuita wote wawili makao makuu, tarehe 2 Julai. Kadi naenda nayo. Baada ya hapo sijui. Dawa alizonazo zitamfikisha mwezi wa nane.

Hapa chini anataka kuandika mwenyewe.

Shemeji, mimi si mgonjwa kama anavyonitangaza huyu. Usibishane na kilichokwisha kuapwa. Na ukifika mbele ya bodi, jaribu kuwaachia wengine nao nafasi ya kusema.

Kaka yako,
Gogo

*

Tarehe 17 Juni

Kaka na shemeji,

Nimesoma, nimelia, nimefuta pua kwa kitambaa cha mteja. Nitakifua. Mungu awape afya, na shemeji amwongezee na huo ulimi wake, tunauhitaji.

Kaka, soma hapa polepole. Hospitali kubwa ya mji wetu ina kliniki ya moyo. Nimekwenda kuuliza mwenyewe, kwa mkongojo. Wanapokea raia kwa bima ya kawaida. Foleni ipo, hawana viti vya kutosha, lakini daktari yupo na dawa zipo. Wanachotaka ni mgonjwa akae karibu.

Na mahali pa karibu papo. Chumba cha binti yangu, tangu aolewe, kinalala majora ya vitambaa. Dirisha linatazama uani, hakuna ngazi hata moja, kizingiti chenyewe kimelika kwa kukanyagwa. Majora nitayahamishia chini ya kitanda changu. Mwenye tanuri la mtaa wa nyuma anatafuta mwoka mikate. Nimemwambia namjua mmoja, hulala popote anapowekwa, ila akiamka hufanya kazi ya watatu.

Najua utasema unafikiria. Fikiria huku unafunga mizigo.

Mdogo wenu,
Redio

*

Tarehe 6 Julai

Kaka Gogo,

Nadhani umefika salama na mgongo haujakununia. Shemeji je? Mwambie nilimtii, na hapa chini nitathibitisha.

Lifti kuharibika siku ya bodi ya wagonjwa, hilo nalo lina wenyewe. Nilipokwambia nitapanda kwa makalio, ngazi moja moja, ukasema "Panda," ukainama. Mpaka ghorofa ya tatu, kaka, na mvi zako zote! Nikanyamaza njia nzima. Kwenye kona ya pili ukaniuliza kama nimekufa.

Sasa yaliyofuata huyajui, maana ulikuwa umelala.

Ulinitua kwenye kiti, ukajinyoosha kwenye benchi, na kabla sijamaliza kukushukuru ukaanza kukoroma. Katibu wa bodi akatoka, yule mwenye tai. Akaniona mimi nimeketi. Akakuona wewe umelala chali, jasho linakutiririka, mdomo wazi. Akawaita wahudumu: "Mgonjwa ni huyu, mwingizeni kwa uangalifu."

Kaka! Tena!

Mdomo wangu ulishafunguka. Nikayakumbuka maneno ya shemeji, nikaufunga. Nikainama, nikavua kiatu, nikafungua bendeji. Harufu ikamaliza maelezo. Yule bwana akarudi nyuma hatua moja, akautazama mguu, akakutazama wewe, akafunua kiapo chako akakisoma amesimama pale pale. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Kumbe aliyelala ndiye aliyebeba."

Akaingia ndani kwa bodi na maneno hayo hayo. Ulipoamka ukakuta daktari ananipima, ukauliza chai iko wapi.

Jana barua imekuja. Kumbukumbu zimesahihishwa, zako na zangu. Nitapasuliwa tarehe 15. Daktari anasema anatarajia kuuokoa mguu, lakini haapi. Cheti cha ushujaa nimekirudisha, watakuandikia chako, nawe najua utakitupa sandukuni. Na ile kadi, ulipoiweka juu ya meza yao bila neno, niliangalia dirishani. Sikuweza kuutazama mkono wako.

Chumba nimekipaka chokaa. Hujanijibu kuhusu chumba. Bodi nzima ilinijibu, wewe bado.

Mdogo wako,
Redio

*

Tarehe 29 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Binti yako ametupigia simu, kwa hiyo tunajua chuma kimetoka na mguu umebaki. Tumeshukuru, shemeji yako kwa magoti, mimi kwa kukaa, magoti bado yanazikumbuka zile ngazi. Tunasikia hicho kipande umekitia kwenye chupa uwaonyeshe wateja. Kitupe.

Kuhusu chumba. Sikukujibu kwa sababu ya kiburi. Kilikuwepo. Shemeji yako amekifunga pamoja na masufuria, sasa sijui kimo gunia gani. Tanuri nilikuwa nimelikodi, nimemrudishia mwenyewe. Tunafika Jumamosi, kabla dawa hazijaisha. Usije kutupokea, kaa na mguu wako juu.

Yeye ana sharti moja: asubuhi hasikilizi hadithi kabla ya chai. Mimi sina sharti, nimeshazoea.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Sioni sababu ya kununua stempu ya kuvuka ukuta. Kitanda chetu tutakiweka upande wa kwako. Mguu ukikusumbua, gonga, nitakuja nikubebe. Kama ni habari za shangazi yako, usigonge.

Au gonga tu. Nitakuwa nimelala.

Kaka yako,
Gogo