Mafuta ya Kondoo Chini ya Seramiki

Mama Magdaline mpendwa, wewe unayejua siri za vitanda vya watu na bado unapata usingizi, leo nisaidie mimi, na usinitafutie mke, ninaye, na shida imeanzia kwake. Anaitwa Natabo, ni mgonjwa, hospitali wamemrudisha nyumbani wakasema tumpe chochote anachotamani kula, na hiyo lugha hata mimi niliyeacha shule darasa la nne naielewa.

Kijana wetu Brian amenunua boti ya faiba, ya kuvusha watu Ewaso Ng'iro mvua ikijaza mto, akamwita Njogu, fundi wa kuosha magari pale karibu na stendi, aipake seramiki, dawa ya kichupa kidogo kama ya macho lakini bei yake ni beberu mzima, ati inavalisha rangi kioo, jua lisiile wala tope lisishike. Njogu akaisugua kwa mashine, akaipangusa kwa spiriti mpaka mimi nikashikwa na kiu, akasema, "Mzee, mtu asiguse mpaka kesho nipake, hata kidole kina mafuta."

Alfajiri naamka, kitanda kitupu, natoka uani namkuta Natabo, mtu asiyeweza kubeba kikombe, ameegemea ile boti anaipaka mafuta ya kondoo, vile mama zetu walitupaka tukienda safari, na analia akimwita Achuka. Achuka ni kaka yake Brian, huo mto ndio ulimchukua, tukangoja maji yapungue ndio tupate mwili. "Huyu wa pili hautamchukua," akaniambia, "na wewe funga mdomo, akina mama wa kanisa wasisikie, watasema ni upagani." Nikamrudisha kitandani, nikapangusa boti na shuka langu mpaka ikang'aa, nikajiona mjanja, na Njogu alipofika akaisifu kwa kung'aa, akapaka.

Seramiki imekataa kushika juu ya mafuta. Imetoa mabaka, ukipitisha kucha inabanduka. Brian akamfokea Njogu mbele ya watu, "Umenipakia maji ya sabuni, wewe!" Njogu akaapa kwa watoto wake, Brian akamsukuma, na sasa anazunguka stendi nzima akimwita mwizi, wenye magari wamehama, na jana nimemkuta Njogu anafunga ndoo na mipira yake ya maji arudi kwao Karatina. Akanisalimia kwa heshima, huyo mjinga, afadhali angenitukana.

Nikisema, Brian ana mdomo kama wangu, atampigia mama yake kelele na huyo mama hana muda wa kugombana na kupatana. Nikinyamaza, Njogu anaondoka na jina la mwizi. Nifanye nini?

Mzee wa Shuka, Isiolo

MAMA MAGDALINE ANAJIBU

Mzee wa Shuka, pole kwa Achuka, na pole kwa hiki kinachokuja.

Sasa nikukemee. Unasema unamficha Natabo. Natabo alipaka mafuta, lakini shuka lilikuwa la nani? Kama ungeacha mafuta yaonekane, Njogu angeyaona akaosha tena. Unajificha nyuma ya mgonjwa, mzee mzima.

Majina nimebadilisha, lakini Isiolo kuna boti ngapi uani kwa watu? Brian asije akasomea habari hii hapa. Enda kwa Njogu kwanza, kabla hajapanda gari, umwambie yote, na usimchekeshe. Kisha mwite Brian kando, mkiwa wawili. Usianze na boti, anza na Achuka. Akipandisha sauti, mwache akupandishie wewe, huko mbali na kitanda cha mama yake. Halafu arudi stendi akamsafishe Njogu palepale alipomchafua, kwa sauti ileile.

Boti haijaharibika. Njogu ataitoa hiyo seramiki kwa mashine, apanguse kwa spiriti, apake upya, na safari hii apanguse tena asubuhi kabla ya kufungua kichupa. Dawa utanunua wewe. Beberu unao.

Na Natabo usimnyang'anye mafuta yake, wala usiwaogope akina mama wa kanisa. Wengi wao walipakwa. Anayetaka kumpaka si boti. Mwambie Brian avue kofia, apige magoti kando ya kitanda, mama yake ampake kichwa mkono ungali unainuka.

Leo, mzee. Usiseme Jumapili.