Kadi ya Rangi na Macho ya Mama

Dada yangu wa mbali,

Mimi mzima, na bado ndimi fundi rangi hodari kuliko wote hapa mtaani, ingawa shule ilinishinda.

Mama alipotolewa kibofu cha nyongo, siku ya nne macho yakaanza kuwa ya manjano. Muuguzi akasema, "Uchovu tu, kijana." Uchovu gani wa manjano? Kila asubuhi nikasogeza kadi yangu ya rangi, ile ya kulinganishia rangi za kupaka, karibu na jicho lake, nikatia alama. Siku tatu, rangi ikapanda hatua tatu. Mkojo nao mweusi kama chai ya mkandaa, tumbo limevimba.

Nikamwekea daktari ile kadi mezani. Akauliza, "Umesomea wapi udaktari?"

"Kwenye ndoo za rangi, mzee. Wewe macho yako umeyasomeshea wapi?"

Akanuna, lakini akaagiza kipimo. Kumbe mrija wa nyongo ulikatwa kwenye upasuaji, na nyongo inavujia tumboni!

Kesho wanamfungua tena. Nimegoma kutia saini mpaka aje bingwa wa mirija hiyo, na anakuja. Wananiita mkorofi. Waniite tu.

Usilie kwenye simu, mimi mwenyewe silii. Ila njoo, dada. Mkono mmoja wa Mama nimeushika mimi, wa pili hauna mtu.

Mdogo wako, kidume