Kapime Kabla Mtoto Hajaja

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Panki,

U hali gani huko uliko? Wifi yangu anaendeleaje na mzigo wake? Miguu bado inamvimba? Mwambie akikaa aiinue juu ya mto, na vyombo uoshe wewe, mikono haitakatika. Sisi hatujambo. Baba bado ananoa mikasi yake ya kinyozi ingawa kibanda alishakifunga. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likipata moto linatulia. Mimi nimezama kwenye sare za shule, hata usingizini naota kola.

Najua unashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu. Sababu unayo mwenyewe. Kila nikikugusia habari ya kupima, unasema mtandao unakatika. Mbona haukatiki ukiomba picha za mtoto wa dada yako anayenifuata? Karatasi haina mtandao, kaa chini usome.

Kwanza pokea habari njema. Huyo mtoto amepimwa wiki hii baada ya kumaliza chanjo zake zote, na yuko salama. Hana homa ya ini. Nesi alipotutamkia nililia mle mle ndani, na unajua mimi si mtu wa kulia ovyo. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari, alikuwa anatafuna kamba ya kitambulisho cha nesi.

Wewe ulisikia robo tu ya mambo haya. Dada yako alipokwenda kliniki ya wajawazito, kipimo cha damu kilionyesha ana virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Hakuwa akiumwa popote. Alikuwa anakula kwa wawili na kutugombeza kwa watano. Nesi akatueleza kwamba virusi hivyo vinaweza kupita kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na akivipata akiwa mchanga hivyo, mara nyingi hukaa navyo maisha yote, ini likaharibika taratibu bila yeye kujua.

Lakini vinazuilika. Dada yako alipewa vidonge vya kumeza miezi ya mwisho, na mtoto alichomwa sindano siku ile ile aliyozaliwa, moja kila paja. Shemeji alisimama mlangoni mwa wodi akimuuliza kila aliyepita na sare, "Sindano ya mwanangu iko wapi?" Hata mfagiaji aliulizwa.

Kisha tukaambiwa tupime familia nzima, na hapo ndipo nyumba ilipowaka. Baba alisema kosa ni lake, maana alitunyoa sote kwa wembe mmoja tangu utotoni. Mama akasema hapana, watoto kazaa yeye, damu ni yake. Walivutana hivyo hivyo mpaka kwenye benchi la maabara. Nesi akawaambia, "Jamani wazee wangu, hapa hakuna kombe la kushindania. Nyoosheni mikono tu."

Mama anavyo. Dada yako anavyo. Mimi ninavyo. Baba hana. Aliposikia hivyo aliinamisha kichwa kama mtu ambaye timu yake imefungwa dakika ya mwisho. Alitaka kumbebea mama lile jambo, akakosa pa kulishika. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Usishtuke juu yangu. Kila baada ya miezi sita naenda kukaguliwa ini, na daktari anasema liko vizuri. Wanangu walichanjwa, hawana kitu. Vikombe hatukutengana na sahani tunachangia kama zamani, kwa sababu chakula hakiambukizi, wala kukumbatiana. Wembe tu ndio kila mtu ana wake, na msimamizi mkali wa sheria hiyo ni baba.

Sasa tuje kwako. Ulizaliwa na mama yule yule, ukanyolewa kwa wembe ule ule, hujapima, na wifi ameingia mwezi wa saba. Najua unachoogopa. Unaogopa majibu yakija mabaya utamtazamaje mkeo usoni. Mdogo wangu, mtazame tu, umwambie. Ikiwa wewe unavyo na yeye hana, atachanjwa. Ikiwa anavyo, atapewa matibabu, na sindano ya mtoto itakuwa imeandaliwa kabla hajalia kilio cha kwanza. Yote hayo yanawezekana wauguzi wakijua mapema. Wasipojua, hakuna wa kuwasaidia.

Nendeni kesho, wawili pamoja. Kama kliniki ya huko haijampima kipimo hiki, akiombe mwenyewe. Wifi, ikiwa unasoma begani mwake, mvute shati muondoke.

Dada yako na shemeji wanakusalimu sana, na mtoto wao amekupigia kelele, sijui ndiyo salamu. Baba anasema siku ukija, uje na wembe wako. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Aliunyoosha mfuko wa shati niliokuwa nashona. Halafu akasema, "Mwambie mimi sikujua. Yeye anajua."

Mungu awatunze nyote watatu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
akupendaye hata ukimkatia simu.